Kabla ya sindano ya bei kali, tuulize kipande cha nyama kiko wapi



Habari ya juma hili ilitoka katika likelemba yetu. Familia ya mwenzetu mmoja ilituomba tusaidie kununua sindano ya kansere ya ziwa kutoka nje ya inchi. Walikuwa wameambiwa kwa simu kwamba siku hizi kuna dawa isiyopiga mwili wote, inapiga kansere peke yake, na mtu wa kuileta amekwisha kupatikana, anangoja dola tu. Wamama wengi walikuwa tayari kufungua kitambaa. Ndipo mmoja wetu akauliza: karatasi ya laboratwari inasema nini? Karatasi haikuwapo. Mama huyo alipasuliwa mahali fulani hapa mjini, uvimbe ukatolewa, na tangu siku hiyo hakuna anayejua ule uvimbe ulipelekwa wapi. Hatukukataa kusaidia, lakini tulisema pesa ingoje kidogo. Mwenyewe ametupa ruhusa ya kuandika haya bila jina lake, ili wengine wajue.

Tusiseme kwamba ile habari ya simu ni uongo. Dawa za namna hiyo zipo kweli. Lakini kila moja imetengenezwa kwa kansere yenye alama fulani, na alama haionekani kwa macho wala haishikiki kwa vidole. Inatafutwa ndani ya kipande cha nyama. Kama kipande kilitupwa, hata dawa ya dola elfu kumi ni kurusha jiwe usiku.

Tuanze na yale tunayoyajua. Kwa miaka mingi kansere ilikuwa na matibabu matatu: kisu, miale na shimio. Miale hiyo, tuseme kwa kupita, ina deni kwa udongo wetu wa Katanga. Katika miaka ya 1920 mawe ya Shinkolobwe, upande wa Likasi, yalipelekwa Olen huko Ubelgiji, yakatolewa radiamu, na radiamu hiyo ikatibu kansere za watu wa Ulaya. Wazee wetu waliyachimba bila kuambiwa ni ya nini.

Shimio inafanya kazi kwa kupiga kila chembe ya mwili inayogawanyika upesi. Chembe za kansere zinagawanyika upesi, kwa hiyo zinapigwa. Lakini mizizi ya nywele pia inagawanyika upesi, na ngozi ya ndani ya tumbo, na mafuta ya mifupa yanayotengeneza damu. Ndiyo sababu mama anapoteza nywele, anatapika, damu inapungua. Sisi walimu tunamfahamu mwalimu wa namna hiyo: mtoto mmoja amepiga mluzi, darasa zima linapiga magoti. Mkosaji ameadhibiwa, ni kweli, lakini pamoja na wasio na kosa. Hata hivyo shimio imeokoa wamama wengi na inaendelea kuwaokoa. Tusiidharau kwa sababu tumesikia habari ya dawa mpya.

Dawa ya kulenga inatafuta yule aliyepiga mluzi. Chembe za mwili zina kama masikio madogo juu yake au ndani yake. Wataalamu wanayaita vipokezi. Kwa masikio hayo chembe inasikia amri: kua, gawanyika, simama. Kansere nyingi zinatokea pale chembe inaposikia "kua, kua" mchana na usiku. Ukijua ni sikio gani linalosikia vibaya, unaweza kuliziba.

Dawa ya kwanza ya kuziba sikio la kansere ya ziwa si mpya hata kidogo, na si ya matajiri. Inaitwa tamoksifeni. Ilitengenezwa mwaka 1962 huko Uingereza na mwanamke mtaalamu wa kemia, Dora Richardson, katika kampuni ya ICI. Walikuwa wanatafuta dawa ya kupanga uzazi. Kwa kazi hiyo ilishindwa, lakini katika miaka ya 1970 ikaanza kutibu kansere ya ziwa. Inaziba sikio linalosikia estrojeni, homoni yetu ya kike. Ni kidonge kimoja kwa siku, kwa kawaida miligramu 20, kwa miaka 5, na wengine wanaendelea hadi 10. Kwa mama ambaye kansere yake ina sikio hilo, miaka 5 ya kidonge hiki inapunguza hatari ya kufa kwa kansere hiyo karibu kwa theluthi moja. Kwa mama ambaye kansere yake haina sikio hilo, haisaidii chochote.

Ni wangapi wenye sikio hilo? Mwaka 2014 wataalamu walichapisha hesabu iliyokusanya uchunguzi mwingi wa Afrika. Kusini mwa Sahara, karibu wamama 6 kati ya 10 wenye kansere ya ziwa wanalo. Hii ni habari kubwa kuliko ile ya sindano, kwa maoni yetu. Zaidi ya nusu ya wamama wetu wangeweza kupata dawa ya kulenga iliyo katika kidonge cha bei nafuu, isiyohitaji friji, ya kumezwa nyumbani baada ya bukari.

Kidonge hicho kina taabu zake pia. Joto linapanda usoni na kifuani kama mtu aliyekaa karibu na mbabula. Mara chache kinaweza kugandisha damu miguuni au kuleta kansere ya kizazi. Mama aliyekoma hedhi akiona damu tena, asingoje, aende kwa munganga. Hakimezwi na mwenye mimba. Tena ini ndilo linalokigeuza kiwe na nguvu kamili, na maini ya watu hayalingani. Kuna dawa nyingine, kwa mfano baadhi ya zile za huzuni na wasiwasi kama fluoksetini na paroksetini, ambazo zinalizuia ini kufanya kazi hiyo. Kwa hiyo ukienda kuonana na munganga, beba dawa zote unazotumia ndani ya mfuko, hata zile ulizonunua sokoni, hata mizizi ya mufumu. Usifiche kwa haya.

Sasa ile sindano. Jina lake ni trastuzumabu, na kwa jina la kwanza la kiwanda Herceptin. Inaziba sikio lingine, linaloitwa HER2. Katika kansere za ziwa, karibu moja kati ya tano ina masikio ya HER2 mengi kupita kiasi. Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake huko Los Angeles walionyesha kwamba kansere zenye HER2 nyingi zinakuwa kali na kurudi upesi. Mwaka 1998 Marekani ikakubali dawa hiyo itumike. Tangu hapo kansere iliyoogopwa kuliko nyingine ikawa mojawapo ya zinazotibika vizuri, kwa mwenye uwezo wa kuipata. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiandika katika orodha ya dawa za lazima, na mwezi wa 12 mwaka 2019 likaidhinisha kwa mara ya kwanza trastuzumabu ya kiwanda kingine, ili bei ishuke.

Fanyeni hesabu pamoja nasi. Sindano inatolewa mara moja kila majuma 3 kwa mwaka mmoja, yaani mara 18 hivi. Huko Kenya (inchi ya Kenya, siyo komini yetu) sindano moja ilikuwa shilingi 120,000, zaidi ya dola 900. Mara 18 ni shilingi 2,160,000. Mwaka 2025 serikali yao ilipatana na kampuni ya Roche, sindano ikashuka hadi shilingi 40,000, na bima yao ya SHA ndiyo inayolipa. Hata kwa bei hiyo iliyoshushwa, mwaka mzima unapita dola 5,500. Likelemba ya wamama ishirini wa Makomeno haiwezi kubeba mzigo huo. Kenya hawakuubeba kwa kuchangishana kwenye kitambaa. Serikali ilikaa mezani na kampuni. Wamama wenye ndugu katika Bunge la jimbo wanaweza kuwauliza siku moja, baada ya chakula, kwa nini sisi hatuna meza kama hiyo.

Tena sindano hiyo inataka friji, kati ya digrii 2 na 8, toka kiwandani mpaka kwenye mshipa. Umeme wetu mnaujua. Dawa iliyosafiri ndani ya valizi ya mtu, ikapita Kasumbalesa kwenye jua, ikalala siku mbili nyumbani kwa mtu mwingine, inaweza kuwa maji tu. Na inaweza kuudhoofisha moyo, kwa hiyo moyo unapimwa kwa mashine ya ekografi kabla ya kuanza na tena kila miezi 3. Anayekuletea sindano bila kukuuliza habari ya moyo na bila kukuuliza karatasi ya HER2 ni mfanyabiashara. Hatusemi ni mwizi. Tunasema anauza.

Kuna kansere za ziwa zisizo na sikio la estrojeni, wala la projesteroni, wala HER2 nyingi. Wanaziita hasi tatu. Kwetu sisi wanawake wa Afrika zinaonekana mara nyingi zaidi kuliko kwa wanawake wa Ulaya, na zinawapata hata wamama wadogo. Mama akisoma "hasi" mara tatu anaweza kufikiri amehukumiwa. Si hivyo. Maana yake ni kwamba tamoksifeni na trastuzumabu si zake, asitupe pesa huko. Shimio inazipiga kansere hizo vizuri, hasa zikiwahiwa. Kwa mama huyo karatasi imefanya kazi yake: imemwonyesha njia na imemwokolea nyumba isiuzwe bure.

Msifikiri mambo haya ni ya ziwa tu. Kuna kansere ya damu, leusemia sugu ya mieloidi, inayotokea pale kromosomu ya 9 na ya 22 zinapobadilishana vipande. Kosa hilo liligunduliwa mwaka 1960 katika mji wa Philadelphia, ndiyo maana linaitwa kwa jina hilo. Mwaka 2001 dawa ya kulizima, imatinibu, ilikubaliwa Marekani. Ni vidonge, na watu waliokuwa wanahesabiwa miaka michache wanaishi nayo miaka mingi, wanafanya kazi na kulea watoto. Toka mwaka 2002 kampuni ya Novartis pamoja na shirika la The Max Foundation waliitoa bure kwa wagonjwa wa inchi nyingi zenye uwezo mdogo. Jirani zetu wa Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda waliingia katika mpango huo. Lakini bure hiyo ilikuwa na mlango mmoja: kwanza uonyeshe kwamba lile kosa la kromosomu lipo katika damu yako. Asiye na kipimo hakupata hata zawadi. Siku hizi kipimo hicho kinaweza kufanywa na mashine ya GeneXpert, ileile inayopima kifua kikuu, ikiwekewa kichupa chake maalumu.

Turudi kwenye kipande cha nyama, maana hapa ndipo wamama wetu wanapopotezea haki yao bila kujua.

Uvimbe unapotolewa mwilini, mzima au kidogo kwa sindano nene, unaanza kuharibika dakika ileile, kama nyama yoyote. Unatakiwa uingie katika formoli ndani ya saa moja. Formoli wengi wetu tunaijua kwa habari ya morgi tu, lakini kazi yake kwa walio hai ni hii. Kipande kiwe kinaogelea, formoli ikizidi kipande mara 10 hivi. Kama uvimbe ni mkubwa ukatwe vipande, kwa sababu formoli inaingia polepole sana na katikati itaoza kabla haijafikiwa. Kikae humo angalau saa 6, lakini kisipite siku 3. Si maji ya chumvi, si pombe, si kukifunga kwenye saketi ya plastiki mpaka familia ipate pesa ya laboratwari juma lijalo.

Kisipotunzwa hivyo, kipande kinasema uongo. Masikio yanayeyuka, na karatasi inaandika "hasi" mahali ambapo palikuwa na "chanya". Ile hesabu ya mwaka 2014 ilionyesha jambo hilohilo: katika uchunguzi uliotumia vipande vya zamani vilivyokaa katika ghala, wenye sikio la estrojeni walionekana wachache kuliko katika ule uliotumia vipande vilivyochukuliwa na kutunzwa kwa mpango tangu siku ya kwanza. Maana yake kuna wamama walioambiwa kidonge hakiwafai, na kumbe kilikuwa chao.

Baada ya formoli, laboratwari inakifunga kipande ndani ya nta, kinakuwa kama kipande kidogo cha mshumaa. Mshumaa huo unakaa miaka mingi bila kuharibika, hauhitaji friji, na unaweza kusafiri hata kwa posta. Watu wa Rwanda walitumia nafasi hiyo. Hospitali ya Butaro, juu ya milima ya kaskazini, ilifungua kituo chake cha kansere mwaka 2012 pamoja na shirika la Partners In Health. Mwanzoni hawakuwa na wataalamu wote wa kusoma vipande, basi walivituma Boston, Marekani, na majibu yakarudi. Hawakungoja kuwa na kila kitu. Walianza kwa kutunza kipande vizuri. Sisi tulio karibu na Cliniques universitaires na Hospitali Sendwe hatuko mbali kuliko wale wa milimani.

Kwa hiyo mama akiambiwa atapasuliwa ziwa, au atachukuliwa kipande, maswali yaulizwe kabla, wakati bado ana nguvu, na ni vizuri aende na yaya au dada asiyeogopa kuongea. Formoli iko tayari? Nani atakipeleka kipande laboratwari, na siku gani? Mshumaa utawekwa wapi, na tukihamia kwa munganga mwingine tutaupata? Si matusi kwa munganga. Wanganga wazuri wanafurahi kuulizwa hivyo. Tumesikia wamama wakisema, "Nitamwulizaje, yeye ndiye aliyesoma." Uliza, mama. Sokoni unageuza nyanya pande zote kabla ya kulipa.

Karatasi ikirudi itakuwa kwa Kifaransa, na maneno mengi yatakuwa ya kutisha. Tafuta herufi tatu. RE (wengine wanaandika RO) ni sikio la estrojeni, na kando yake kuna asilimia. RP ni la projesteroni. HER2 ina namba: 0 au 1+ maana yake si nyingi, 3+ maana yake ni nyingi, na 2+ maana yake haijulikani bado, kipimo kingine kinahitajika. Mtu akikuuzia sindano kwa 2+ peke yake, mwambie angoje. Kama herufi hizo hazimo kabisa, karatasi yako imesema tu "ni kansere" na haijasema ni ya namna gani. Rudi uulize kama mshumaa upo, kwa sababu kipimo kinaweza kuongezwa hata baada ya miezi.

Mwenzetu tuliyemtaja hana mshumaa. Pale alipopasuliwa walijibu kwamba hawakutunza kitu. Lakini munganga mwingine aliyempima juma lililopita amekuta tezi iliyovimba kwapani, na atachukua kipande hapo. Pesa ya likelemba ya mwezi huu imekwenda kulipia kipande hicho, formoli yake, laboratwari na vipimo vile vitatu, na imebaki kidogo ya usafiri. Dada yake mkubwa ndiye atakayebeba chupa kwa mkono wake mpaka laboratwari, na amekwisha kuandika saa.

Jumamosi baada ya mkutano, wamama wenye karatasi za hospitali nyumbani, zao au za ndugu zao, wazilete. Tutakaa darasani, tutazisoma pamoja na kuziandika kwa Kiswahili kwenye daftari. Asiyetaka wengine wasikie atangulie nusu saa. Msizikunje, na zile zilizolowa mvua msizitupe.